Alhamisi za Wawasha Taa

Mfumaji alikuwa mtu wa masikio mabovu na mdomo mzima. Masikio yaliliwa na mitambo ya kiwanda cha nguo, alikoingia ndevu zikichipua akatoka zina mvi. Mdomo aliutunza kwa ajili ya mkewe. Ukipita dirishani kwao mchana utaisikia televisheni ikifoka kana kwamba ina kesi na ukuta, na juu ya kelele zile utamsikia Mfumaji akieleza kile ambacho televisheni imekwisha kukisema. Majirani walimtania kwamba nyumbani kwake taarifa ya habari husomwa mara mbili. Alicheka nao. Alijijua: kwa kusimulia hakuwa na mpinzani mtaa mzima.

Kiwanda kilifungwa zamani, mitambo ikauzwa kwa uzito wa chuma, lakini jina la kazi lilimbakia. Mkewe naye alikuwa wa kiwanda hicho hicho, idara ya kusokota nyuzi. Sasa alishona mapazia ya watu nyumbani, cherehani akiwa ameiweka chini ya dirisha apate mwanga na habari za wapita njia kwa pamoja. Chumba chao cha mbele kilikuwa na kochi moja refu, meza ya kukatia vitambaa, na televisheni bapa waliyonunuliwa na binti yao.

Binti huyo ndiye aliyeleta balaa. Aliileta kwa nia njema, na balaa ya nia njema hufunguliwa mlango ikakaribishwa na chai. Alikuwa fundi wa simu, mtu wa kuchokonoa mitandaoni mpaka apate hata kisichotafutwa, na Jumamosi moja aliingia kwa wazazi wake akiwa amefumba kitu kiganjani.

“Mama, bahatisha nimeleta nini.”

“Sukari.”

“Wawasha Taa. Yote, tangu sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho. Tena kuna mtu kaitia maandishi ya Kiswahili chini ya picha.”

Mama aliacha pazia la watu likateleza hadi sakafuni. Alimkumbatia bintiye, akakiangalia kile kiflashi pande zote, akacheka kicheko cha usichana. Mfumaji alikuwa katikati ya funda la chai, na chai ikampalia. Mama na binti wakampigapiga mgongoni huku na huku, wakidhani ni furaha.

Furaha ilikuwa mbali. Ndani ya kitu kile kidogo kuliko kidole mlikuwa na sehemu moja ambayo Mfumaji aliapa kwamba mkewe hataiona maisha yake yote.

Wawasha Taa ilikuwa tamthilia ya enzi za televisheni zenye matumbo, na ilionyeshwa Alhamisi jioni. Ilihusu chombo cha angani kilichozunguka kutoka nyota hadi nyota kikirekebisha taa za njiani, ili vyombo vingine vinavyopita huko juu visipotee. Ukiondoa nyota, kazi yenyewe ni ya mafundi umeme wa manispaa, na huenda ndiyo sababu watu wa kiwandani waliipenda: waliwaona wafanyakazi wenzao. Ilitengenezwa kwa pesa za mboga. Mlango wa chombo ukibamizwa, kuta zilitikisika. Kila sayari waliyotua ilikuwa machimbo yale yale ya kokoto, na mtazamaji makini aliweza hata kulitambua jiwe. Nahodha alikuwa na nywele zisizoyumbishwa na upepo wa dunia yoyote. Palikuwa na roboti la mabati lenye kichwa cha ndoo, ambalo watazamaji walilibandika jina la Debe. Na palikuwa na rubani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyejifungua mtoto katikati ya safari. Ni mtoto wa kwanza, walisema, kuzaliwa mahali pasipo na udongo.

Ukiitazama leo utacheka. Wakati ule hakuna aliyecheka. Debe likishikwa na kutu, watu wazima walikosa usingizi.

Ilisemwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Mfumaji na mkewe kilikuwa cha kuombea maji. Neno moja walilielewa, matatu waliyakisia, mengine waliyasoma kwenye nyuso. Kwa kusoma nyuso hawakuwa na shida. Ndani ya kiwanda mtu angekupigia yowe sikioni usiambulie kitu, kwa hiyo watu waliongea kwa mikono na midomo. Kiganja kikilazwa hivi, uzi umekatika. Kidole kikizungushwa, msimamizi yuko nyuma yako. Kidevu kikielekezwa kule, umbea umeiva. Kwa lugha hiyo watu walichumbiana, wakagombana na kusuluhishwa, huku mitambo ikiendelea kupiga.

Shida yao ilikuwa zamu. Msimamizi aliamini kwamba mke na mume wakipangwa pamoja watapiga soga kazi ilale. Basi wiki Mfumaji akiwa zamu ya mchana mkewe alikuwa ya jioni, na wiki inayofuata wakabadilishana. Maana yake Alhamisi moja mke aliiona Wawasha Taa, Alhamisi nyingine akaiona mume, na hawakuwahi kuiona wakiwa wawili. Wakajiwekea sheria ya nyumba: aliyeona amsimulie asiyeona, tangu mwanzo, bila kuruka. Anayetoka kazini aliketi na vumbi la pamba kwenye nyusi, akawekewa chakula, na mwenzake akasimama mbele yake akawa Nahodha, akawa Debe, akawa mlango unaotikisa kuta. Mke alisimulia kwa mkato, kama anayetoa maelezo polisi. Mume alisimulia kwa mapana na marefu, akiruka, akiinama, akitambaa chini ya meza. Mke alisema waziwazi kwamba sehemu alizosimuliwa zilikuwa tamu kuliko alizojionea.

Wakaishi hivyo, nusu ya hadithi kwa macho na nusu kwa mdomo wa mwenzake. Walikuwa na raha zao, na mke alikuwa mjamzito.

Mtoto alikuja kabla ya siku zake, wa kiume, na hakukaa. Mama mtu alipoteza damu nyingi, akalala hajitambui, na alipozinduka mambo yote yalikuwa yamekwisha. Mwanawe alikuwa ameshakuja na ameshazikwa, yeye hakumtia machoni. Alimuuliza mumewe swali moja tu.

“Umemzika?”

“Nimemzika.”

Basi. Mwanamume aliyeweza kulifanya debe la mabati liwalize watu hakupata neno la pili. Alijiambia atamweleza mkewe akipata nguvu. Nguvu zilipomrudia akajiambia, ameshapona, ya nini kumrudisha nyuma. Visingizio vya namna hiyo havijawahi kuadimika duniani.

Hazikupita wiki nyingi ikaangukia Alhamisi ya Mfumaji kutazama. Ndani ya chombo hewa ilichafuka, na mtoto wa rubani akafa. Walimlaza ndani ya kasha la taa, wakaliacha kasha likielea kando ya taa ya mwisho waliyoiwasha. Chombo kikaenda zake, na picha ikabaki na kasha lile hadi likawa nukta. Mfumaji alikuwa peke yake chumbani. Baadaye hakukumbuka kama alilia au hakulia. Alichokumbuka ni kwamba mkewe alikuwa njiani kutoka zamu, na sheria ya nyumba ilikuwa kusimulia.

Mkewe aliingia, akaketi, akawekewa chakula.

“Mtoto wa rubani hajambo?” akauliza. Tangu atoke hospitali, hilo lilikuwa jambo la kwanza kuulizia.

Mfumaji akavuta pumzi, akadanganya. Alisema hewa ya chombo imechafuka, na hapo alisema kweli. Ila kwenye taa ya mwisho, akasema, anakaa bibi mmoja mlinzi wa taa, mwenye bustani na hewa safi, na rubani amemkabidhi mtoto kwake mpaka watakaporudi. Aliigiza bibi, akaigiza bustani, akamwigiza mtoto akipunga mkono dirishani.

“Na huyo bibi ni mtu mwema?”

“Mwema sana. Ana mbuzi.”

“Mbuzi, huko juu?”

“Wadogowadogo.”

Mkewe aliitazama sahani yake, kisha akaanza kula.

Njia ya mwongo ni fupi, na njia ya Mfumaji ilipita katikati ya kiwanda kizima, kwa kuwa hapakuwa na mtu mle ndani asiyetazama Wawasha Taa. Kesho yake king'ora cha kubadilishana zamu kilipolia, yeye akitoka na zamu ya jioni ikiingia, alimvuta kando mkuu wa wasokotaji. Wote walimwita Shangazi, mwanamke mnene mwenye ulimi ambao watu waliutaja kwa kunong'ona. Akamweleza yote, ya mtoto wa angani na ya mtoto wake. Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

“Nenda kapumzike, mwanangu,” akasema. “Hili niachie mimi.”

Akaingia ndani, akasubiri mke wa Mfumaji ageuke kufunga uzi, akaurusha ujumbe kwa mikono kutoka mtambo hadi mtambo: mtoto, taa, hakufa, asiambiwe. Na kiwanda kile, ambako posa ya mtu ilijulikana langoni kabla mwenyewe hajaamua kuoa, kikafunga mdomo. Mke wa Mfumaji akiwauliza wenzake habari za mtoto, walimjibu kwamba yuko kwa bibi, hajambo. Mmoja alizidisha, akasema mbuzi wamezaa.

Alhamisi zake mwenyewe mkewe alimwona rubani ana macho mekundu, na Debe likikigusagusa kitanda kitupu. Akija kusimulia alisema, “Rubani bado analia. Amemkumbuka mwanawe.” Mfumaji alijibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sehemu ya mwisho iliangukia Alhamisi ya Mfumaji. Akamrudisha mtoto chomboni akitembea kwa miguu yake, na mbuzi mmoja wa nyongeza.

Baadaye walimpata binti yao, na binti akakua akisimuliwa habari za mtoto aliyelelewa na bibi wa taa. Ndiyo sababu Jumamosi ile, alipokuwa akiaga, alimwambia baba yake, “Ukifika kwenye wale mbuzi uniite, Baba. Nataka niwaone.”

Wakaanza kutazama siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana. Baada ya maisha yote yale waliketi kochi moja mbele ya Wawasha Taa, goti kwa goti, na kwa siku za mwanzo Mfumaji karibu asahau hofu yake. Mambo yalikuwa mengi. Yule mzee mwenye sikio la chuma, waliyemchukia kwa kudhani alimnyemelea Nahodha kila sehemu apate kumuua, maandishi yalionyesha kwamba alikuwa daktari wa chombo akimsihi Nahodha ameze dawa.

“Maskini,” mkewe akasema. “Nilikuwa namtukana.”

“Kila mtu alimtukana.”

“Wewe ndiye uliyeanza.”

Hakuwa na huruma kwa msimulizi wake. Kila walipoingia kwenye Alhamisi ya mume, aliishika picha na kuipima kwa yale aliyoambiwa.

“Hapa ulisema walipigana.”

“Walipigana.”

“Mbona wanakunywa maji?”

“Walipigana kwanza, ndiyo wakapata kiu.”

Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akasema, bila kumtazama, kwamba Debe la mumewe lilikuwa refu kuliko hili, na mlango wake ulitikisa kuta vizuri zaidi. “Hawa wameharibu,” akasema. “Sisi tulikuwa na nzuri.” Mfumaji alijisikia fahari kama kijana, na papo hapo akaanza kuhesabu sehemu zilizobaki, maana rubani alikwisha kuanza kushona kofia ndogo ya mtoto.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini mkimbiaji hakosi kukimbia. Kwanza Mfumaji alijifanya kuisahau flashi kwenye mfuko wa suruali, akaitupa suruali kwenye nguo chafu. Ikaloweshwa, ikafuliwa, ikakamuliwa, ikaanikwa. Mkewe aliichomoa mfukoni, akaipuliza, akaichomeka, na Nahodha akatokea na nywele zake zile zile, hata hazijalowa. Vitu vya siku hizi ni vigumu kufa siku unayotaka vife.

Siku iliyofuata alishusha swichi kubwa ya umeme nyuma ya mlango, akarudi kuketi na uso wa masikitiko.

“Umeme umekatika,” akasema.

Redio ya jirani ilikuwa ikiimba kwa nguvu zote, na hata yeye na masikio yake aliisikia. Mkewe alinyanyuka, akaenda nyuma ya mlango, akaipandisha swichi, akarudi mahali pake. Hakumuuliza kitu. Mfumaji angepaswa kulishangaa hilo, lakini mwenye hofu hana nafasi ya kushangaa.

Ilipobaki sehemu moja kabla ya ile, alitoka uani akampigia simu bintiye. Alimuuliza kama kuna namna ya kuing'oa sehemu moja tu, mama asijue. Binti akauliza kwa nini. Mfumaji alijaribu kuzunguka, akashindwa, akamwambia ukweli wote.

“Kwa hiyo hakuna mbuzi,” binti akasema.

“Hakuna, mwanangu.”

“Na kiwanda kizima kilijua?”

“Kizima.”

“Baba, mimi sifuti kitu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwambie Mama kabla hajaona.”

“Nitamwambia leo.”

Hakumwambia leo, wala kesho asubuhi. Alizunguka nyumba nzima akitafuta pa kuanzia, akapanga viatu vilivyokuwa vimepangwa. Saa ya kutazama ilipofika alifanya jaribio la mwisho, akiwa na rimoti mkononi.

“Hii turuke,” akasema. “Niliiona mimi. Haina maana yoyote, wanatengeneza taa tu.”

“Hakuna kuruka,” mkewe akajibu. “Ndiyo sheria ya nyumba.”

Akaichukua rimoti mkononi mwake taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto mkasi, akawasha.

Mfumaji hakuangalia picha. Aliijua. Alimwangalia mkewe, miwani yake ya kushonea ikiwa imeteremka puani na kipande cha uzi mweupe kimeng'ang'ania begani. Aliyaona yote yakipita katika vioo vya miwani ile: hewa inachafuka, watu wanakimbia, rubani anapiga magoti. Kasha linafungwa. Alingoja mkewe apige ukelele, au ageuke amwulize, au ainuke aende zake chumbani. Mkewe hakufanya hata moja. Alitazama hadi kasha likawa nukta, kisha akazima televisheni.

Akamgeukia. Akainua mikono yake, na kwa lugha ambayo hawakuwa wameitumia tangu kiwanda kifungwe, akasema polepole: mtoto, taa, hakufa, asiambiwe.

Mfumaji alisogea ukingoni mwa kochi.

“Mbele ya mtambo wangu palikuwa na kioo cha ofisi ya msimamizi,” mkewe akasema, akiiweka midomo mahali Mfumaji anapoweza kuisoma. “Mlisahau. Niliwaona wote nyuma yangu wakipokezana mikono, Shangazi analia huku anapokea nyuzi. Mlitaka kunificha siri kwa mikono, mimi, msokotaji.”

“Ulijua?”

“Tangu kesho yake.”

“Na mbuzi je?”

“Mbuzi niliwapenda.” Alitabasamu kidogo, na tabasamu halikukaa. “Nilikuwa nikikuangalia unavyojitahidi. Nikasema, huyu ananipenda, mwache.”

“Ungeniambia basi kwamba unajua. Miaka yote hii nabeba mbuzi peke yangu.”

“Nilikuwa nakungoja.”

“Unangoja nini?”

Mkewe alikitoa kile kipande cha uzi begani, akakiviringisha kati ya vidole.

“Nilisema, akichoka kunisimulia wa kwenye televisheni, atanisimulia wa kwetu.”

Mfumaji alifungua mdomo. Mkewe akamtangulia.

“Mimi nilimbeba tumboni,” mkewe akasema, “lakini aliyemwona ni wewe. Hata sura yake siijui. Naulizwa na watu kama alifanana na nani, nanyamaza. Nilikaa nasubiri, nikaona bado, nikasema labda mwakani, hadi tumezeeka. Sikukuuliza zaidi kwa sababu nilikuona ulivyotoka wodini baada ya kunijibu, nikaogopa nitakuvunja. Sasa nimechoka kuogopa. Wewe uliona, mimi sikuona. Sheria inasemaje?”

“Amsimulie,” Mfumaji akasema.

“Vipi?”

“Tangu mwanzo. Bila kuruka.”

“Haya.”

Alianza mlangoni mwa wodi. Alisema muuguzi alikuwa mfupi, na kwamba alimwambia “pole” kisha akamwambia “mpokee,” naye hakujua ampokee vipi kwa kuwa hajawahi kupokea mtoto. Alimpokea kwa mikono yote miwili. Alikuwa bado ana joto. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, mtoto mdogo vile. Hapo sauti ikamkatika. Alijaribu tena, ikakatika tena, basi akainua mikono na kuendelea kwa mikono, na mkewe akasogea karibu apate kuisoma.

“Nywele?” mkewe akauliza.

Nyingi, mikono ikasema. Zimelala mbele, kama amechanwa.

“Sura?”

Akaligusa paji la uso wake mwenyewe. Kisha akanyoosha kidole akagusa kidevu cha mkewe, akakiacha kidole pale.

Mkewe alilia hapo, kwa mara ya kwanza, kilio cha chini na kirefu, na Mfumaji akamngoja. Alipomwashiria aendelee, aliendelea. Alimwonyesha jinsi alivyomsimamisha dirishani aone nje. Alimwonyesha kitambaa, na jinsi alivyomtamkia lile jina walilokuwa wamelichagua, mara kadhaa, alizoee. Alimwambia mtoto kwamba mama yake amelala, hakumkataa, amelala tu. Halafu wakatoka, yeye na mtoto, wakashika njia.

“Ulikuwa na nani?”

Peke yangu, mikono ikasema. Mimi na yeye.

“Njia nzima peke yenu?”

Mfumaji aliishusha mikono magotini. Kilichobaki alitaka akiseme kwa mdomo, na safari hii sauti ilitoka, imekwaruza, lakini ilitoka.

“Nilimsimulia,” akasema. “Sikujua nimfanyie nini kingine, na hicho ndicho ninachokijua. Nilimsimulia Wawasha Taa, tangu mwanzo, sikuruka kitu. Nahodha, Debe, mlango, yote. Watu njiani walikuwa wananiangalia.”

“Ulifika wapi?”

“Taa ya pili tu. Njia yenyewe ilikuwa fupi.”

Mkewe aliivuta mikono yake yote miwili, akaiweka mapajani kwake, akaishika. Nje jirani alibadilisha stesheni ya redio. Walikaa hivyo hadi jua likaondoka kwenye meza ya kukatia vitambaa, na hakuna aliyenyanyuka kuwasha taa.